Kamina: Ekuteri za besi nyingi zinameza sauti za Missa Luba

Katika maduka ya simu ya Kamina, kama ilivyo Lubumbashi, Kalemie ao Bukavu, neno la kwanza la muuzaji wa ekuteri ni besi. "Hii iko na besi," anasema. Mnunuzi anaiweka masikioni, anasikiliza nusu dakika ya wimbo wa kucheza, anatikisa kichwa, kisha analipa. Ni watu wachache wanaouliza kama sauti ya mwimbaji inasikika vizuri, ao kama ngoma tatu zinazopigwa pamoja zinabaki ngoma tatu. Besi imekuwa kipimo peke yake, na kipimo hicho hakikuletwa na wanamuziki wa Haut-Lomami.

Mafundi wa sauti wanagawa vifaa hivi katika makundi mawili, iwe ni ekuteri ndogo za kuingiza masikioni ao kaske kubwa za kufunika masikio. Kundi la kwanza ni la sauti isiyo na upande: kifaa kinajaribu kutoa sauti za chini, za katikati na za juu kwa kadiri ileile zilivyorekodiwa, bila kupendelea yoyote. Kundi la pili ni la sauti iliyotiwa rangi. Humo mtengenezaji ameamua mbele kwamba sauti fulani zitapandishwa na nyingine zitashushwa. Mara nyingi kinachopandishwa ni besi, yaani mitetemo kati ya 40 na 150 hivi kwa sekunde, na wakati mwingine pia zile za juu kabisa zinazofanya matoazi yang'ae. Zinazobaki nyuma ni za katikati, na huko ndiko sauti ya binadamu inakaa.

Kwa mji mwingine huenda hilo ni jambo la starehe tu. Kwa Kamina ni zaidi ya starehe, kwa sababu mji huu una rekodi ambayo dunia nzima iliisikiliza, na rekodi hiyo imejengwa karibu yote juu ya sauti za katikati.

Mwaka wa 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina kuongoza shule. Miezi michache baadaye alianzisha kundi la waimbaji na wapiga ngoma: watoto wa kiume karibu 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15 wa shule hiyo. Walipewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin, jina la kikoloni ambalo limebaki kwenye diski mpaka leo. Tarehe 23 Machi 1958 misa yao iliimbwa Kamina kwa mara ya kwanza. Maneno yalikuwa yale ya Kilatini ya kanisa lote, isipokuwa Kyrie ambayo ni ya Kigiriki. Lakini sauti na mipigo ilikuwa ya hapa: Kyrie kwa namna ya kasala, Sanctus kwa namna ya wimbo wa Kiluba wa kuagana, Hosana kwa mpigo wa kucheza wa Kasai, Agnus Dei kutoka wimbo wa Bena Lulua. Hawakuimba wakitazama karatasi ya noti. Sehemu kubwa ilitungwa palepale, mmoja akianza na wengine wakimjibu. Mwaka huohuo kundi lilisafiri Ulaya, na kampuni ya Philips ikatoa rekodi.

Rekodi hiyo ilienda mbali kuliko waimbaji wenyewe. Pier Paolo Pasolini aliweka Gloria yake katika filamu ya Injili ya Matayo ya mwaka wa 1964. Lindsay Anderson aliweka Sanctus katika filamu yake ya If.... ya mwaka wa 1968, filamu iliyopata tuzo kubwa, Grand Prix, huko Cannes mwaka uliofuata. Vijana wa Uingereza ambao hawakujua Kamina iko wapi waliinunua diski hiyo madukani. Na haya yalikuwa miaka mingi kabla Roma haijakubali liturjia ya Misa ya Zaire, jambo lililofanyika mwaka wa 1988.

Leo mtoto wa Kamina anayetaka kuisikia Missa Luba hahitaji diski. Iko kwenye intaneti, inapita kutoka simu hadi simu. Anaisikia kwa nini? Kwa ekuteri ya bei ndogo iliyotengenezwa ili mpigo wa kompyuta utikise kichwa. Na hapo ndipo shida inaanza.

Sauti ya mtoto anayeimba ina mitetemo yake ya msingi kati ya 250 na 1,000 hivi kwa sekunde. Matamshi yake, yale yanayotenganisha s na t na k, yako juu zaidi, mitetemo elfu kadhaa. Sikio la binadamu lina tabia moja inayojulikana sana: sauti nzito ya chini inaweza kufunika sauti iliyo juu yake, kuliko ile ya juu inavyoweza kufunika ya chini. Mtu akipandisha besi kupita kiasi, haongezi tu kitu chini. Anafunika vilivyo juu. Katika Sanctus, inayoanza polepole na kwa upole, ngoma inakuwa mvumo mmoja mnene, na watoto wanasikika kama wanaimba nyuma ya mlango uliofungwa. Hosana inapoingia na mpigo wake wa haraka, mikono ya wapiga ngoma haitenganishwi tena. Zile pigo ndogo za vidole pembeni mwa ngozi, zinazobeba mchezo wote, zinapotea kabisa.

Halafu rekodi ya 1958 haina besi nyingi ya kupandishwa. Maikrofoni na mashini za wakati ule zilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyekuwa akitafuta mtetemo wa chini kabisa wa kutikisa kifua. Kwa hiyo ekuteri ya besi inapofika huko chini inakuta kidogo sana cha muziki, na mengi ya mvumo wa chumba na wa mashini yenyewe. Inapandisha hivyo. Msikilizaji anasema: "Rekodi ya zamani, mbaya." Kumbe rekodi haina kosa.

Kuna jambo jingine ambalo Waluba na majirani zao wanalijua kuliko mafundi wa Ulaya. Muziki wa huku haukutafuta kamwe sauti safi isiyo na rangi. Mtengenezaji wa madimba anatoboa tundu katika kibuyu kilicho chini ya ubao, na analiziba kwa utando mwembamba wa buibui, ili kila pigo liwe na mlio wa kukwaruza kama nyuki. Ngoma ya ditumba nayo inaweza kuwa na tundu ubavuni lenye utando, kwa sababu ileile. Mpigaji wa kisanji anafunga pete za chuma kwenye vyuma vyake ili vitetemeke. Mlio huo si uchafu uliobaki kwa sababu fundi alikosa zana. Umewekwa kwa makusudi, na mzee akipewa madimba yasiyo na utando atasema yamekufa.

Basi wapo watakaosema: kama muziki wenyewe unapenda rangi, kwa nini ekuteri ikatazwe kuitia? Jibu liko katika nani anayechagua rangi hiyo, na wapi. Mlio wa nyuki wa madimba uko juu, katika mitetemo ambayo besi nyingi inaifunika kwanza. Fundi wa madimba ametia rangi moja kwa mkono wake, kwa sikio lake, akijua wimbo gani utapigwa. Ekuteri inatia rangi nyingine juu yake, ileile kwa kila wimbo, iwe kasala ya maombolezo, iwe ndombolo, iwe habari za redio. Ya pili inafuta ya kwanza. Ndiyo sababu, kwa msikilizaji wa muziki wa huku, kifaa kisicho na upande si anasa ya Wazungu wenye vyumba vya muziki. Ndicho kinachoacha rangi ya mpigaji ifike.

Mfano wa gitaa unasaidia wale ambao hawakui na madimba. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu hii ya Afrika na mashini yake ya kurekodi, alimkuta Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akarekodi "Masanga." Ni mtu mmoja na gitaa moja la mbao. Kidole gumba kinatembea chini, vidole vingine vinajibu juu, na anayesikia mara ya kwanza anaapa kwamba ni watu wawili. Wapiga gitaa wa nchi nyingi wametumia miaka kujaribu kuelewa mkono ule. Kwenye ekuteri ya besi nyingi, gumba linavimba na vidole vinarudi nyuma. Mazungumzo ya wale wawili yanakuwa hotuba ya mmoja. Kijana wa Katanga anayetaka kujifunza gitaa la Mwenda kwa kifaa cha namna hiyo amefungiwa nusu ya darasa.

Wapenzi wa besi wana hoja, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ilipimwa zamani. Mwaka wa 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapunguza za chini zaidi kuliko za katikati. Mtu anayesikiliza polepole usiku ili asiamshe nyumba ana haki ya kuongeza besi kidogo. Anarudisha tu kilichopotea. Ya pili ni kelele. Kamina ni mji wa reli, njia za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie zinakutana hapo. Gari la moshi, lori na jenereta vyote vinanguruma chini, na mngurumo huo unameza besi ya wimbo kabla ya kitu kingine. Ya tatu ni furaha tu. Seben imetengenezwa kwa ajili ya mwili, gitaa la besi ndiyo miguu yake, na anayetaka kucheza hana haja ya kuomba ruhusa kwa fundi yeyote.

Hata neno lenyewe "isiyo na upande" lina mtego. Sikio la nje na tundu lake linapandisha sauti zenye mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde kabla hazijafika kwenye ngoma ya sikio. Kaske ikitoa sauti zote sawasawa kwenye mashini, itasikika imekufa kwa binadamu, kwa sababu inaruka kazi ambayo sikio limezoea kuifanya sauti inapotoka mbali. Watafiti wa kampuni ya Harman, wakiongozwa na Sean Olive, walifanya majaribio mengi ya kusikiliza kuanzia miaka ya 2012 na 2013. Waliona kwamba wasikilizaji wengi, wenye mazoezi na wasio nayo, wanapenda kaske inayofanana na bafle nzuri ndani ya chumba cha kawaida. Bafle ndani ya chumba inaongeza besi kiasi. Kwa hiyo hata kipimo kinachotumika sana leo kama mfano wa haki kina besi kidogo juu ya mstari. Anayedai kwamba ana kifaa kisicho na rangi hata chembe anauza maneno.

Na Missa Luba yenyewe? Ilipita mikononi mwa padri Mbelgiji, katika shule ya misheni, kisha katika maikrofoni ya kampuni ya Ulaya iliyokuwa na wanunuzi wake kichwani. Hakuna aliyesikia kasala ya kijijini kwa njia ya diski ile. Hilo ni kweli na linafaa kusemwa. Lakini rangi zile zimekwisha kuwa sehemu ya kazi, zilitiwa na watu wanaojulikana, mwaka unaojulikana, na mtu anaweza kuzijadili. Rangi ya ekuteri haijadiliwi na mtu. Inakuja ndani ya boksi.

Hasara kubwa zaidi haiko hata kwa wasikilizaji. Iko kwa wanaotengeneza. Kila parokia ina korali, na korali nyingi zinataka kuwa na nyimbo zao kwenye simu za watu. Kazi ya kuchanganya sauti, mara nyingi, inafanywa na kijana mmoja mwenye kompyuta na kaske moja. Kama kaske hiyo inajaza besi, anasikia besi nyingi kuliko iliyomo, na bila kujua anaipunguza. Wimbo ukipigwa kwenye bafle za kanisa unasikika mwembamba, wenye makali, ngoma kama debe. Fundi mwingine anafanya kinyume. Anajua wasikilizaji wake wote wana ekuteri za besi, basi anasukuma ngoma ya kompyuta chini ya soprano na alto mpaka korali ya watu 40 inakuwa pambo la mashini. Katika hali zote mbili aliyepoteza ni mwimbaji aliyekuja mazoezini jioni nne kwa juma.

Kwa kazi hiyo, kaske iliyo karibu na kipimo si jambo la hiari, kama vile fundi wa nguo hawezi kukata kitambaa kwa mita iliyovutika. Wala si lazima iwe ya bei ya kutisha. Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka wa 1991 na ambayo bado iko katika studio nyingi za redio na muziki duniani, inauzwa nje kwa karibu dola 100, nayo si kamilifu. Za juu zake zinakwaruza kidogo. Dola 100 ni pesa nyingi kwa kijana wa Kamina. Kwa parokia ao kundi la korali tatu wanaochanga pamoja, ni kidogo kuliko bei ya bafle moja nzuri. Jambo la ajabu ni kwamba makundi mengi yananunua bafle kwanza, tena kubwa, kisha yanakabidhi kazi ya kuchanganya sauti kwa ekuteri iliyokuja bure na simu.

Zipo pia rekodi ambazo hazitarudiwa. Watoto wengi sasa wanarekodi babu na bibi zao kwa simu: kasala, hadithi, nyimbo za harusi. Anayesikiliza rekodi ile kwa ekuteri ya besi nyingi anaweza kuamua haraka kwamba haisikiki, akaifuta ili apate nafasi kwenye kadi. Sauti ya bibi imo, katikati, mahali ambapo ekuteri yake imeshusha.

Jambo la masikio yenyewe nalo linaingia humu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako katika hatari ya kuharibu masikio kwa kusikiliza sauti kubwa. Kiasi linachokubali ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Zikifika desibeli 90, saa zinashuka hadi 4 kwa juma. Besi nyingi inasukuma watu kuvuka mpaka huo kwa njia ya kificho. Maneno hayasikiki, basi mtu anapandisha sauti yote ili ayapate, na besi inapanda pamoja nayo. Mwenye kifaa kisicho na upande anayasikia maneno mapema, na anaacha kidole hapo.

Kwa mwenye ekuteri ya besi ambaye hana pesa ya nyingine, simu nyingi zina egalizeri, ile sehemu ya kurekebisha sauti katika mipango ya muziki. Azime kwanza chochote kinachoitwa "bass boost," kisha ashushe mistari miwili ya kushoto kidogo kidogo, bila kugusa ya katikati. Siku ya kwanza muziki utaonekana umepungua. Sikio linahitaji siku chache kuzoea, kama ulimi unaopunguza chumvi. Na anayeenda kununua asijaribu kwa wimbo wa kucheza peke yake. Karibu kila ekuteri inajua kucheza. Aweke Sanctus ya Kamina kwenye simu yake kabla ya kutoka nyumbani, aipige dukani kwa sauti ndogo, na ahesabu: je, watoto na walimu wanasikika kama makundi mawili? Je, ngoma ni moja ao ni zaidi? Kama muuzaji anakataa kumwachia dakika tatu za kusikiliza, liko duka jingine.